Mshale Usiochomolewa

Kinyozi yetu iko ghorofa ya kwanza, mtaa mmoja nyuma ya Kenyatta Avenue, hapa Nakuru. Wanyoaji ni wanne na wasichana wa masaji tuko watatu. Ukishanyolewa na kupakwa spiriti, unahamia kwenye kiti changu. Nakuosha kichwa kwa maji ya moto, nakufunika uso kwa taulo, kisha naanza: nyuma ya masikio, mabega, kwenye panja pale kando ya macho, halafu katikati ya nyusi. Dakika kumi hivi. Wengi husinzia. Lakini wapo ambao nikifika tu pale katikati ya nyusi huanza kuongea mambo ambayo hawajamwambia mtu: mkopo wa simu uliowashinda, mke aliyerudi kwao, baba waliyemzika wakiwa wamekosana.

Nimefanya kazi hii miaka minne, na kwa muda mrefu sikuwahi kujiuliza ni nini hasa ninachoshika.

Aliyenifanya nijiulize ni mteja mmoja, mzee wa Kihindi anayeuza spea za matrekta. Watu wake wamekuwa hapa tangu enzi za reli. Ile reli ya Uganda ilifika Nakuru mwaka 1900, ikijengwa na vibarua wapatao 32,000 walioletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa kazini. Waliobaki, pamoja na wafanyabiashara waliowafuata, walifungua maduka kando ya stesheni. Mzee huyu ni wa kizazi cha nne. Kiswahili chake ni cha Nakuru kabisa, na akikasirika, hukasirika kwa Kikuyu.

Jumamosi moja mwaka jana, kidole changu kikiwa katikati ya nyusi zake, akaniuliza, macho yakiwa yamefungwa:

"Binti, unajua hapo panaitwaje?"

Nikasema ni kwenye paji la uso.

"Paji liko juu. Hapo ni mahali ambapo mshale ukiingia, hauchomolewi."

Alisema hivyo kama mtu anayetaja bei ya mkanda wa injini. Mimi nikasimamisha mkono. Hakujua kwamba neno lile, mshale, ni neno ambalo kwetu halitajwi mezani.

*

Kwanza nieleze alichonifundisha, kwa sababu baadaye nilikesha usiku mwingi na simu nikisoma zaidi.

Katika Ayurveda, tiba ya jadi ya India, mwili una sehemu 107 zinazoitwa marma. Neno lenyewe linatokana na mzizi wa Kisanskriti wenye maana ya kufa. Orodha inayotajwa zaidi imo katika Sushruta Samhita, kitabu cha upasuaji ambacho mapokeo yanasema mafunzo yake yalitolewa katika mji wa Kashi, huu tunaouita leo Varanasi. Mahali pa marma, kinasema, hukutana nyama, mishipa, kano, mifupa na viungo, na hapo ndipo uhai umejikita kuliko kwingine. Ziko 11 katika kila mkono na kila mguu, jumla 44. Tumboni na kifuani ziko 12, mgongoni 14. Kuanzia shingoni kwenda juu ziko 37, na hiyo ndiyo ofisi yangu.

Kilichonishangaza ni jinsi zilivyogawanywa. Mwandishi hakuuliza tu sehemu hizi ziko wapi; aliuliza mtu akijeruhiwa hapo, nini hufuata. Sehemu 19 huua upesi, ndani ya siku chache. Sehemu 33 huua polepole. Sehemu 44 haziui ila huacha ulemavu, na 8 huacha maumivu makali. Ukijumlisha unapata 104. Zinabaki tatu.

Hizo tatu ndizo mzee alizokuwa anazungumzia. Mbili ziko juu ya panja, kulia na kushoto, karibu na nywele zinapoanzia. Ya tatu iko katikati ya nyusi. Kitabu kinasema mtu akichomwa na mshale hapo, ataishi maadamu mshale umo ndani. Ukiuchomoa, anakufa. Lakini kina nyongeza: kidonda kikiiva na mshale ukaanguka wenyewe, mtu anaweza kuishi.

Daktari wa leo hatakuambia kuna uhai unaopita kwenye njia za siri chini ya ngozi, na mimi sitakuambia hivyo ili unilipe mia mbili zaidi. Lakini sehemu nyingi katika orodha ile ziko pale ambapo pana mishipa mikubwa, neva au viungo, na mpasuaji yeyote angekuambia upite hapo kwa heshima. Hata ile kanuni ya mshale haijafa. Ukienda mafunzo ya huduma ya kwanza leo utaambiwa: kisu au chuma kikiwa kimezama mwilini, usikichomoe. Kizuie kisitikisike, mpeleke mtu hospitali. Kile kilichomjeruhi huenda ndicho kinachoziba damu.

Tangu nisome hayo, kuna kitu kimoja niliacha kufanya. Wateja wengi hupenda shingo ivunjwe mwishoni, ule mlio wa "kra!" kulia na kushoto. Wanasema wanasikia wepesi. Mimi sivunji tena. Ndani ya mifupa ya shingo hupita mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo, na shingo ikizungushwa kwa nguvu mshipa unaweza kuchanika, mtu akapata kiharusi. Nimepoteza tipsi kwa sababu hiyo. Mteja mmoja aliniambia, "Madam, sikulipi unipapase." Sawa tu.

*

Sasa nirudi kwenye mshale.

Baba mdogo, ambaye nyumbani tunamwita Anko, anaishi Njoro. Mwaka 2008, mwezi wa Januari, nilikuwa na miaka tisa. Mnajua mwezi ule. Tume ya Jaji Waki baadaye ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini katika ghasia za baada ya uchaguzi, na Bonde la Ufa ndilo lililoumia kuliko kwingine kote. Sitataja kabila letu wala la waliokuja usiku ule, kwa sababu najua ukishajua hutasoma tena, utaanza kuhesabu.

Mshale ulimwingia Anko nyuma ya bega, karibu na shingo. Alipoanguka, uti wa mshale ukavunjika, kigumba kikabaki ndani. Alifikishwa Nakuru kwa pikapu, amelazwa kifudifudi juu ya magunia ya viazi. Daktari aliyempokea aliangalia picha ya eksirei na kumwambia hiki chuma ni kidogo, lakini kiko jirani sana na uti wa mgongo. Tukikifuata, huenda usitembee tena. Tukikiacha, mwili utakizungushia kovu, na utaishi nacho. Akamsafisha jeraha, akamdunga sindano, akaandika yote kwenye faili na kumpa ile picha akae nayo. Akamwambia arudi kila mara atakaposikia mkono unakufa ganzi.

Anko na shangazi walikaa kwenye hema uwanja wa maonyesho hapa Nakuru pamoja na maelfu wengine. Februari 28 mwaka huo wakubwa walitia sahihi mkataba, Kofi Annan amesimama nyuma yao. Baada ya mwaka mmoja Anko alirudi kwenye shamba lake. Na akarudi kuishi ua kwa ua na jirani yule yule.

Jirani huyo ni nani katika hadithi hii? Hapo ndipo nilipokosea.

Miaka yote nilijua, kama watoto wanavyojua, kwamba Anko anajua kitu kuhusu jirani na hakisemi. Wanapeleka maziwa pamoja kituoni kila asubuhi, zamu kwa zamu, mitungi ya nyumba zote mbili kwenye pikipiki moja. Ng'ombe wa huku akizaa, wa kule huleta nyasi. Lakini kuna mstari. Hawaketi pamoja saa za jioni. Jirani haingii ndani. Hunywa chai akiwa amesimama mlangoni.

Mwaka 2022, wiki chache baada ya uchaguzi, nilikuwa na miaka 23 na nimejaa moto. Nilikuwa nimesikiliza podikasti za kila aina kuhusu makovu na uponyaji. Niliamini kitu kisiposemwa kinaoza. Nikaenda Njoro na simu yangu, nia yangu ni kumrekodi Anko. Alikataa, akasema ng'ombe wanataka maji. Asubuhi ya pili jirani akaja na mtungi wake, akasimama mlangoni na kikombe mkononi. Na mimi, nikiwa nimeketi mezani, nikamuuliza mbele ya watu wote:

"Baba, usiku ule Anko alipopigwa mshale, wewe ulikuwa wapi?"

Hakuna aliyepiga kelele. Jirani aliweka kikombe chini polepole, juu ya ngazi, akachukua mtungi wake na kwenda. Kwa miezi minne hakurudi. Shangazi, mwenye magoti mabovu, alikuwa anapeleka maziwa peke yake kwa miguu. Watoto wa pale jirani waliacha kupita njia ya kwetu. Mtu fulani alianza kusema sokoni kwamba sisi tunatayarisha kesi. Kwa mara ya kwanza tangu 2009, Anko alilala na panga chini ya kitanda.

Hakunigombeza. Siku nilipokuwa naondoka alinisindikiza hadi stejini, na matatu ilipokuwa inajaa akaniuliza jambo moja tu: "Ulipotaka kuchomoa, ulikuwa umebeba nini cha kuziba damu?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimebeba simu.

*

Nilimsimulia mwenzangu wa kazini yote haya, pamoja na habari ya zile marma tatu. Yeye nyumba yao ilichomwa Naivasha mwezi ule ule wa Januari, na hakupenda nilikokuwa naelekea.

"Hiyo ni ile ile," alisema. "Kubali na usonge mbele. Hiyo ndiyo lugha ya wenye upinde. Wanapenda sana tuamini tukichomoa tutakufa."

Ana hoja, na nimeibeba kwa muda. Ni kweli kwamba wanaotuhimiza tusikumbuke mara nyingi ndio wenye sababu ya kusahauliwa. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhiwa kwa Rais Mei 2013, na miaka ikapita bila Bunge kuipitisha itekelezwe. Kesi za kule Hague zilikwisha moja moja, ya mwisho Aprili 2016, bila yeyote kuhukumiwa kwa yale mauaji. Mwaka 2015 Rais aliomba radhi kwa niaba ya serikali na kutangaza hazina ya shilingi bilioni 10 kwa walioumizwa. Muulize Anko amepata ngapi. Kwa hiyo mtu akiniambia "acha mshale ukae," lazima nimwangalie kwanza mikononi: ameshika bandeji au ameshika upinde?

Lakini nadhani hapo ndipo jibu linapoanzia. Kanuni ya Sushruta haikuandikwa kwa mpiga mshale. Iliandikwa kwa mganga. Haimwambii aliyejeruhi kwamba hana deni. Inamwambia anayetaka kuponya kwamba hamu yake ya kuona chuma kimetoka si sababu ya kutosha. Kuna watu, na mimi ni mmoja wao, ambao tukiona kidonda cha mwenzetu tunataka kitoke haraka kwa sababu kinatusumbua sisi. Tunauita huo ukweli. Mimi nilitaka jibu la jirani kwa ajili ya nani? Anko hakuwa ameniomba. Maisha yake yote ya sasa, maziwa, maji, usingizi, yalikuwa yamejengwa kuzunguka kile chuma, kama nyama ilivyojengeka kukizunguka ndani ya bega. Nilivuta bila kujua kilichokuwa kinazibwa.

Tena kuacha si kusahau. Yule daktari aliyeacha kigumba ndani hakusema hakuna kitu. Alikiona, akakiandika, akampa mwenye mwili picha. Kila Anko anapoingia hospitali yoyote hubeba ile eksirei kwenye bahasha ya kahawia, anaitoa na kusema, "Hapa kuna chuma." Huo ni ukweli, na haujamwua mtu. Ninachokidai kwa nchi hii si zaidi ya hicho. Ripoti inayokaa bila kutekelezwa ni eksirei iliyofungiwa kwenye droo, na mgonjwa anaambiwa maumivu yake ni mawazo tu. Huko si kuacha mshale kwa busara. Huko ni kumficha mgonjwa ugonjwa wake.

Nilimwambia mwenzangu hivyo. Akasema, "Sawa, lakini si kila mtu ana Anko aliye hai wa kuamua." Hilo pia ni kweli. Wafu hawawezi kusema waachiwe mshale. Kwa ajili yao, nadhani, kuna wanaopaswa kuulizwa mahakamani, kwa sauti, bila chai. Kanuni niliyoipata ni ndogo, na ni ya walio hai wanaoishi ua kwa ua: mwenye jeraha ndiye anayesema lini, na anayechomoa lazima awe amekuja kukaa.

Na ile nyongeza ya kitabu, kwamba kidonda kikiiva mshale huanguka wenyewe? Zamani ningeisoma kama kusema "muda utaponya." Muda hauponyi kitu. Kidonda kilichoachiwa muda peke yake huleta funza. Kuiva kunahitaji mtu anayeosha kila siku, anayebadilisha kitambaa, anayevumilia harufu. Maziwa ya kila asubuhi kwenye pikipiki moja, nimekuja kufikiri, ndiyo ilikuwa kazi hiyo. Mimi niliona unafiki. Wao walikuwa wanaosha.

*

Mzee wa spea nilimuuliza pia. Je, kuijua marma ni vizuri au ni vibaya, kwa sababu anayejua pa kuponya anajua pa kuua? Akaniambia kule Kerala, walimu wa kalari, mchezo wa kupigana wa huko, humfundisha mwanafunzi marma mwishoni, baada ya miaka ya kumtazama tabia, na humfundisha pamoja na kutibu. "Si siri ya kidole," alisema. "Ni siri ya mtu mwenye kidole." Kisha akafunga macho na kuniambia niendelee, muda wake unaisha.

Krismasi iliyopita nilikwenda Njoro. Baridi ya kule mnaijua. Usiku bega la Anko lilikaza, na asubuhi akakaa kwenye kigoda barazani, akavua shati, akasema tu, "Si unafanyia watu huko mjini?" Katika miaka yote hiyo sikuwahi kuliona lile kovu kwa karibu. Ni dogo, kama sarafu ya shilingi kumi. Nilipasha mafuta mikononi nikaanza kwenye shingo kushuka. Nilipokaribia, alinishika kidole, akakiweka mwenyewe.

"Kiko hapa. Hapo usibonyeze. Zunguka."

Nikazunguka.

Jirani alifika na mtungi. Siku hizi amerudi, ingawa chai yangu huwa haimalizi. Alisimama kwenye ngazi kama kawaida, halafu akaona mgongo. Sidhani alikuwa amewahi kuuona. Alikaa chini, pale pale kwenye ngazi, mtungi katikati ya miguu.

"Bado inauma?" akauliza.

"Wakati wa baridi," Anko akasema.

Muda ukapita. Pikipiki ya maziwa ilipiga honi barabarani na hakuna aliyeinuka.

"Niliiona ile pikapu ikikubeba," jirani akasema. "Nilikuwa nyuma ya mahindi."

Nilihisi bega likikaza chini ya vidole vyangu. Nilikuwa na maswali kumi, na yote niliyameza. Anko alikaa kimya, anatazama mbele. Halafu bega likalegea kidogo, na mimi nikaendelea kuzunguka.